Supu ya nyumbani: sufuria, presha kuka au chungu cha umeme?

Makongoro, kichwa cha changu na kuku wa kisasa vikifika mezani vyote huitwa supu, lakini jikoni havina undugu. Kongoro linadai masaa, samaki anadai dakika. Kwa hiyo anayeuliza apikie kifaa gani aanze kwa kutazama alichotoka nacho bucha au sokoni, halafu saa anayotaka kula, halafu umeme na gesi aliyonayo. Kifaa kinakuja baada ya hayo.

Vinavyolinganishwa hapa ni vitatu. Cha kwanza ni sufuria ya kawaida juu ya jiko la gesi au la mkaa. Cha pili ni presha kuka, iwe ile ya kubandika jikoni yenye kizito kinachopiga mluzi juu ya kifuniko, au ya umeme yenye vitufe. Cha tatu ni chungu cha umeme cha kupikia taratibu, chenye bakuli zito la kauri na kifuniko cha kioo. Kwenye boksi lake huandikwa Slow Cooker, na swichi yake ina LOW, HIGH na WARM. Wengi wamekijulia Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba, na sasa kinauzwa pia kwenye maduka ya vyombo vya umeme Dar es Salaam na Nairobi.

Nyama ngumu hulainika kwa namna moja tu, chombo kiwe chochote. Ngozi, kano na maungio ya mifupa yamejaa kolajeni, na kolajeni ikikaa kwenye joto la nyuzi 70 na kuendelea pamoja na maji, huyeyuka polepole ikawa jelatini, ule ute unaofanya midomo inate ukinywa supu ya makongoro. Joto likizidi, kazi huenda haraka. Sufuria ya pwani inaishia nyuzi 100, hata uongeze moto kiasi gani. Presha kuka ya jikoni hufika karibu nyuzi 120, ya umeme hupungua kidogo, kama 115. Chungu cha umeme hupanda kwa masaa kadhaa kabla ya kutulia kwenye nyuzi tisini na kitu. Nyuzi hizo ishirini za ziada ndizo zinazogeuza masaa manne ya sufuria kuwa dakika sabini za presha.

Mwinuko nao una neno lake. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Arusha na Mbeya nako ni karibu na hapo. Aliyezoea kupika Tanga au Mombasa akihamia Nairobi ataona maharage na makongoro yanamgomea, na atadhani bucha imemuuzia ng'ombe mzee. Ng'ombe hana kosa: maji hayana joto la kutosha. Kwa sufuria, ongeza robo ya muda hadi theluthi. Presha kuka ndiyo inayopunguza tatizo hili kwa kiasi kikubwa, maana mvuke wake umefungiwa, ingawa miinuko hiyo hata yenyewe iongezewe dakika kidogo.

Jedwali hili ni la kianzio kwa miji ya chini kama Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa. Muda wa sufuria unahesabiwa tangu supu ianze kuchemka na moto upunguzwe. Wa presha unahesabiwa tangu presha ipande, si tangu uwashe jiko. Wa chungu cha umeme ni tangu kuwasha.

| Supu | Sufuria, moto mdogo | Presha kuka | Chungu cha umeme (LOW) |
|---|---|---|---|
| Makongoro | masaa 4–5 | dakika 60–75 | masaa 9–10 |
| Mkia wa ng'ombe | masaa 3–3½ | dakika 45–50 | masaa 8–9 |
| Ng'ombe, nyama ya mfupa | masaa 2–2½ | dakika 30–35 | masaa 7–8 |
| Mbuzi | saa 1½–2 | dakika 25–30 | masaa 7 |
| Jogoo wa kienyeji | saa 1½–2½ | dakika 30–40 | masaa 7–8 |
| Kuku wa kisasa | dakika 35–40 | dakika 8–10, kwa tahadhari | masaa 4, hulegea |
| Pweza | dakika 50–70 | dakika 15–20 | haifai |
| Samaki | dakika 12–15 | usitumie | usitumie |
| Maharage mekundu yaliyolowekwa | saa 1–1½ | dakika 15–20 | baada ya kuchemshwa tu |

Makongoro na mkia: hapa ndipo chungu cha umeme kinapong'ara

Maandalizi ni yale yale kwa vyombo vyote vitatu. Kongoro lichomwe manyoya, likwanguliwe kwa kisu mpaka ngozi iwe safi, na mwuza bucha alikate vipande kwa shoka au msumeno. Nyumbani lioshe, litie kwenye sufuria, funika kwa maji baridi, chemsha dakika 10, kisha umwage maji yote na kuosha vipande tena. Watu wengi huruka hatua hii wakiona ni kupoteza ladha. Kinachomwagika ni damu, uchafu wa mifupa na harufu ya moto wa kuchomea manyoya; ladha na ute bado vimo ndani. Kwa sufuria unaweza kujitetea, kwa kuwa povu utaliengua kwa upawa supu ikichemka. Presha na chungu cha umeme vimefunikwa muda wote, na povu lisilotolewa mwanzo litabaki ndani, litakatikakatika na kuitia supu ukungu.

Kiasi cha maji ndicho kinachowaponza wanaohama kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Sufuria yenye kifuniko kilichoachwa wazi kidogo hupoteza karibu nusu lita ya maji kila saa. Makongoro kilo moja na nusu, kwa hiyo, yatiwe maji lita 4, na ukifika mwisho utabaki na kama lita mbili za supu nzito. Presha kuka ya lita 8 haihitaji zaidi ya lita 2 na nusu, maana inapoteza kama glasi moja tu. Chungu cha umeme cha lita 6 nacho ni hizo hizo lita 2 na nusu, na hakipotezi chochote cha kusema. Ukitia lita 4 kwenye chungu cha umeme utapata maji ya moto yenye harufu ya ng'ombe, na hakuna kiungo kitakachoyaokoa. Kwa sababu hiyo hiyo, chumvi ya sufuria itiwe mwishoni, supu ikishapungua. Aliyetia chumvi ya kutosha kwenye lita 4 atakuwa na chumvi mara mbili kwenye lita 2.

Ukiviweka vyote vitatu mezani, supu iliyokaa usiku kucha kwenye chungu cha umeme ndiyo safi kuliko zote kwa rangi, na ngozi ya kongoro inabaki nzima huku ikikatika kwa kijiko. Kinachoisaidia ni kutochemka kwa nguvu: mafuta hayapigwi yakachanganyika na maji. Sufuria inaweza kufika hapo hapo ikiwa mpishi atakaa nayo, moto ukiwa mdogo kiasi cha kuona bubujiko moja moja tu juu ya maji. Wengi hawakai. Moto ukiachwa mkubwa, supu huwa na rangi ya maziwa na nyama ya nje hukatika kabla kano za ndani hazijalainika.

Presha hutoa supu nzuri pia, yenye rangi ya kahawia zaidi, lakini ina mtego mmoja. Dakika zikitimia, zima moto uiache ishuke yenyewe kwa dakika 20. Ukifungua mvuke kwa haraka, presha inaanguka ghafla na supu yote ndani inachemka kwa fujo kwa mkupuo mmoja. Hapo ndipo supu safi inapogeuka matope, nyama inakakamaa, na mafuta ya moto yanaweza kurukia kwenye tundu la mvuke.

Kuna jambo la kimila linalokipa chungu cha umeme nafasi Tanzania: supu ni chakula cha asubuhi. Ukikiwasha saa 2 usiku, saa 12 asubuhi makongoro yameiva, unatia ndimu na pilipili, chapati ziko mezani. Kifaa chenyewe kilibuniwa kwa mwenendo kama huo. Irving Naxon, mhandisi wa Chicago aliyepewa hataza yake mwaka 1940, alikitoa kwenye desturi ya Wayahudi ya kubandika chakula kabla ya Sabato kuingia na kukiacha kwenye joto la tanuri mpaka siku ya pili, bila mtu kugusa moto.

Viungo havifanyi kazi sawa

Ndani ya chungu cha umeme hakuna kinachokaangika. Kitunguu maji kilichotiwa kibichi hutoka kimelegea lakini kina ule ukali wa ubichi, na kitunguu saumu vivyo hivyo. Kaanga vitunguu, tangawizi na binzari nyembamba kwenye kikaango kwa dakika 6 hadi 8, ndipo uvimwage chunguni. Karoti na viazi vipange chini, kandokando ya bakuli, na nyama iwe juu. Hili huwashangaza wengi, kwa sababu kwenye sufuria viazi huwahi nyama. Mboga ngumu hazilainiki vizuri chini ya nyuzi 85 hivi, na chungu cha umeme hutumia masaa kadhaa kabla ya kufika hapo. Pembeni karibu na ukuta wa bakuli ndiko kunakopata moto mapema.

Kwenye presha, tatizo ni kinyume chake. Iliki, karafuu na mdalasini hukolea kupita kiasi, basi weka nusu ya ulichozoea. Pilipili mbuzi nzima yenye kikonyo, ambayo kwenye sufuria huelea ikaacha harufu yake bila kuwasha, ndani ya presha hupasuka, na watoto hawataigusa supu hiyo. Itie baada ya kufungua kifuniko.

Ndimu, dania, pilipili manga iliyosagwa na hoho ni vya mwisho kwa vyombo vyote. Ndimu iliyochemshwa saa nzima hubaki uchungu tu.

Kuku: tofautisha kabla hujawasha

Jogoo wa kienyeji aliyekimbia uani mwaka mzima ana misuli na kano za kweli, na anavumilia chombo chochote. Sufuria kwa saa mbili humtosha, presha kwa dakika 35 humlainisha, na chungu cha umeme kwa masaa 7 humfanya aachie mifupa. Kwa kuku huyu, chagua kwa muda ulionao.

Kuku wa kisasa ni habari nyingine. Huchinjwa akiwa na wiki tano au sita tu, na nyama yake haina cha kuyeyusha. Akikaa presha dakika 20 kama nyama nyingine, kidari kinakuwa nyuzinyuzi kavu, miguu inaachana, na vipande vidogo vya mifupa vinazama chini ya supu, jambo la hatari kwa mtoto na mzee. Huyu ni wa sufuria. Kata vipande vikubwa, anza na maji baridi lita 2 kwa kuku wa kilo moja na robo, engua povu, punguza moto, dakika 35. Kama unataka supu iwe na nguvu zaidi, nunua miguu na shingo nusu kilo, chemsha hizo kwanza kwa saa moja, ndipo utie kuku mwenyewe. Miguu ina ute mwingi ambao kuku huyo mchanga anaukosa.

Samaki na pweza

Samaki ni wa sufuria, hakuna mjadala. Changu, tasi, sato au kichwa cha sangara, kata, paka chumvi na ndimu dakika 10, suuza. Chemsha viazi na karoti kwenye maji yenye tangawizi na kitunguu saumu mpaka viazi vikaribie kuiva, kisha panga samaki juu, usimkoroge, dakika 12 hadi 15. Sufuria itikiswe kwa mikono miwili, mwiko usiingie. Presha humsaga samaki, na chungu cha umeme humkausha nyama huku kikiijaza nyumba harufu.

Pweza yuko katikati. Ana kolajeni nyingi na presha inamfaa sana, dakika 15 hadi 20 kwa pweza wa kilo moja aliyepigwapigwa na kuoshwa utelezi kwa chumvi. Maji yawe kidogo, glasi mbili tu, kwa kuwa pweza hutoa maji yake mengi na yana chumvi ya bahari. Usitie chumvi kabla ya kuonja. Maji hayo ya zambarau ndiyo supu. Ongeza maji ya moto mpaka ladha ikae sawa, kisha tangawizi, ndimu na pilipili.

Mtori na shurba: supu zinazoshika chini

Mtori wa Wachaga, supu ya ndizi na nyama anayopewa mzazi, unataka vyombo viwili vishirikiane. Nyama ya mfupa au mbavu, kilo moja, iive kwanza kwa presha dakika 30 na maji lita 2, au kwa sufuria kwa saa mbili. Ndizi mshare 12 hadi 15 zimenywe ndani ya maji, mikono ikiwa imepakwa mafuta kidogo ili utomvu usigande na ndizi zisiwe nyeusi. Itoe nyama, tia ndizi kwenye supu ile pamoja na kitunguu kimoja, chemsha dakika 25 hadi 30 mpaka zikibonyezwa zipondeke. Ziponde kwa mwiko humo humo, rudisha nyama iliyochambuliwa mifupa, punguza moto, dakika 10, ukikoroga mpaka chini ya sufuria. Samli kijiko kimoja mwishoni.

Kosa ni kufunga kifuniko cha presha ndizi zikiwa zimeshapondwa. Uji huo mzito hauzunguki ndani ya chombo. Wa chini unaungua wakati wa juu haujapata moto, na vipande vyake vinaweza kuziba tundu la mvuke. Presha ya umeme itasimama na kuonyesha onyo la kuungua. Ile ya jikoni haina wa kukuonya. Utagundua kwa harufu.

Shurba ya ngano inayopikwa Zanzibar wakati wa Ramadhani ina tabia hiyo hiyo ya kushika chini, na hapa chungu cha umeme kinashinda waziwazi. Joto lake hutoka zaidi ubavuni na ni la chini, hivyo ngano haiungui. Ngano gramu 250 iliyolowekwa usiku, nyama ya mfupa nusu kilo, vitunguu vilivyokaangwa, maji lita 2 na nusu, LOW kwa masaa 7 hadi 8. Aliyewasha saa 4 asubuhi atafungua kifuniko magharibi ikikaribia, nyama itaachia mfupa na ngano itakuwa imefunguka. Kwa sufuria ni masaa mawili na nusu, na nusu saa ya mwisho huwezi kutoka jikoni. Kitufe cha WARM huiweka shurba ikiwa ya moto hadi masaa mawili zaidi, lakini hakifai kupikia wala kupashia chakula kilichopoa.

Adesi hazina shida. Sufuria, dakika 25, basi.

Maharage mekundu: usiyatie mabichi kwenye chungu cha umeme

Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili aina ya lektini, inayosababisha kutapika na kuhara vibaya ndani ya masaa machache hata kwa kula maharage machache tu. Kuchemka kikamilifu huiua. Joto la chini haliiui, na maharage yaliyopashwa hadi nyuzi 80 tu yanaweza kuwa na sumu kali kuliko yakiwa mabichi kabisa. Chungu cha umeme kwenye LOW hukaa katika joto hilo hilo kwa muda mrefu. Loweka maharage masaa 5 au zaidi, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya kwenye sufuria dakika 30 kwa moto wa kuchemka kweli, ndipo uyahamishie chunguni. Kwa presha hakuna hofu hiyo, mradi usijaze zaidi ya nusu ya chombo, maana maharage hutoa povu linalopanda mpaka kwenye tundu la mvuke. Supu nyingine zisizidi theluthi mbili.

Nyanya na ndimu zisitiwe kabla maharage hayajaiva. Uchachu huyafanya ganda lake ligome kulainika, na utapika mpaka usiku.

Gharama na umeme

Makongoro ya sufuria kwenye jiko dogo la gesi hula karibu robo kilo ya gesi au zaidi kidogo. Mtungi wa kilo 6 kwa mapishi hayo pekee unakwisha kwa supu ishirini na kitu. Presha kuka juu ya jiko lile lile hutumia chini ya nusu ya hiyo. Chungu cha umeme cha wati 200 kwa masaa 10 hakizidi uniti 2. Presha ya umeme, ingawa imeandikwa wati 1,000, huwaka na kuzima yenyewe na imefunikwa vizuri, hivyo supu nzima huishia karibu nusu uniti au zaidi kidogo. Anayedhani chungu cha taratibu ndicho chenye kubana matumizi ya umeme kuliko vyote ajue kwamba presha ya umeme inakipita kwa mbali.

Mkaa bado hupika supu tamu, kwa kuwa moto wake hupungua wenyewe kadiri supu inavyohitaji. Funika makaa kwa majivu baada ya saa ya kwanza na utapata ule mtokoto mdogo unaotakiwa. Lakini jiko la mkaa lisilale ndani ya nyumba. Hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu waliolala. Kwa supu ya usiku kucha, mkaa usifikiriwe kabisa.

Umeme ukikatika, vyombo hivi vinatofautiana tena. Sufuria ya gesi haijali. Chungu cha umeme chenye swichi ya kuzungusha hurudi kazini umeme ukirudi. Chenye vitufe na kioo cha namba mara nyingi hubaki kimezimika. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, nunua cha kuzungusha, lakini angalia pia saa ya maikrowevu au ya redio asubuhi: ikiwa inapepesa, umeme ulikatika wakati umelala. Nyama iliyokaa uvuguvugu zaidi ya masaa mawili haiokolewi kwa kuchemshwa upya, kwa sababu baadhi ya bakteria huacha sumu isiyokufa kwa moto. Imwagwe. Kwa sababu hiyo hiyo nyama iliyoganda kwenye friza isitiwe kwenye chungu cha umeme kabla ya kuyeyuka, na kifuniko kisifunguliwe kwa kuchungulia. Kila kufungua huongeza dakika 20 hadi 30.

Ukiwa na pesa ya kununua kimoja

Sufuria unayo. Kwa nyumba nyingi za Afrika Mashariki kinachofuata ni presha kuka, na kwa wa Nairobi au Mbeya ni karibu lazima. Chukua ya lita 7 au 8 kwa familia ya watu sita. Ya lita 5 haitoshi makongoro. Mwenye umeme wa kutegemewa achukue ya umeme, kwani inajisimamia. Chungu cha taratibu kinamfaa anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni, anayetaka supu ya asubuhi bila kukesha, na mwenye makongoro au mkia kama mazoea ya kila wiki. Kwa mtu ambaye supu yake kubwa ni ya samaki na kuku wa kisasa, chungu hicho kitakaa kabatini.

Anayetumiwa kifaa na ndugu aliye Marekani aangalie kibandiko cha chini kabla ya kuchomeka. Vya huko ni vya volti 120. Vikichomekwa kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240 huvuta nguvu karibu mara nne ya vilivyotengenezewa na huungua, na kibadilisha plagi hakibadilishi volti. Vya Uingereza, Oman na Dubai vina volti zinazokubali, na plagi yao ya pini tatu za mraba ndiyo hii ya Kenya na Tanzania.

Bakuli la kauri lisitolewe kwenye friji likawashwa lingali baridi, wala lisimwagiwe maji baridi likiwa moto, hupasuka. Kwenye presha, kinachokufa kwanza ni mpira wa kifuniko. Ukianza kuvuja mvuke pembeni au ukiwa mgumu na wenye nyufa, presha haipandi tena ipasavyo na dakika zote za jedwali hazifanyi kazi. Kabla ya kulipa, muulize mwenye duka kama mpira wa akiba wa aina hiyo hiyo unapatikana, na kama upo, nunua wa pili siku hiyo hiyo.